Soksi za Serikali kwenye Uwanda wa Chumvi

"Wananchi watukufu, wapenda mbio na mafundi wa mitambo! Ofisi ya Utayari wa Chumvi ina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba kusubiri kunaendelea vizuri sana!"

Makofi yalikuwa machache, lakini hiyo ni kwa sababu ya joto. Ilikuwa Agosti, pale barabara ya lami inapoishia, nje kidogo ya mji wa Wendover, Utah, na wanambio walikuwa wamejilaza chini ya maturubai kando ya magari yao. Mbele yao uwanda wa chumvi ulikuwa mweupe pee mpaka milimani, hauna mti, hauna nyasi, hauna hata inzi wa kusingizia. Hapo ndipo watu huja kuendesha magari kwa kasi ya kutisha, ilimradi chumvi iwe imekauka. Chumvi ikiwa na maji, gari huteleza au huzama, na hilo halina ubishi. Ubishi ulikuwa nani aseme imekauka.

Zamani za ujinga, mwanambio alikuwa anachukua ufunguo wa gari lake, anauchoma chini. Ukitoka mkavu, anakwenda. Ukitoka na tope, anarudi kulala. Serikali ya jimbo ilipoona watu wazima wanaamua mambo mazito kwa ufunguo, ilisikitika, ikaunda Ofisi, na juu ya Ofisi ikamweka Thayne Ockerlund.

Mkurugenzi Ockerlund alikuwa mtu wa unene wa heshima, suti nzito ya kijivu, na uchungu wa kweli na kazi. Alilala akiwaza unyevu, akaamka akiwaza unyevu. Ni kweli sheria ilisema Ofisi itavunjwa pindi chumvi itakapothibitishwa kuwa kavu, lakini yeye hakuwa mtu wa kufikiria maslahi yake. Alifikiria tu kwamba kiti chake kinazunguka vizuri, na ingekuwa dhambi kukikatisha katikati ya mzunguko.

Kipimo alikibuni mwenyewe. Kila asubuhi alivaa Soksi Rasmi, nyeupe, za sufu. Ili zisichafuliwe njiani, juu yake alivaa mabuti ya mpira yanayofika magotini. Kisha alitembea juani, na suti yake, mpaka Kituo cha Upimaji, ambacho kilikuwa mbali kwa sababu kituo cha karibu kingeonekana cha kizembe. Hapo alivua mabuti, akasimama kwenye chumvi kwa soksi tupu, na katibu wake, Arvella, akachuchumaa kuzibonyeza.

"Mbichi, Mheshimiwa," Arvella alisema siku hiyo, kama jana yake, kama juzi.

"Nilijua." Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa majonzi. "Arvella, hii chumvi haina shukrani."

Arvella alijifuta vidole kwenye sketi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyezibonyeza soksi zile msimu mzima, na anayestahili kuhurumiwa alikuwa yeye.

Waliporudi kwenye lami, Bibi Merlene Stubbs alikuwa anamngoja Mkurugenzi, mikono kiunoni. Gari lake lilikuwa nyuma yake: tangi la mafuta la ndege ya vita ya zamani, lililokatwa, likatiwa injini na magurudumu, likapakwa rangi ya machungwa. Yeye na mumewe Verl walilitengeneza wenyewe uani, likawala ujana na uzee. Verl alifariki majira ya kuchipua, hajaliona likikimbia. Bibi Merlene alitaka kitu kimoja tu duniani: alipeleke maili mia mbili kwa saa, kwenda na kurudi, maana bila kurudi rekodi haihesabiwi. Na kibali chake cha daktari kilikuwa kinakwisha Jumamosi. Macho yalikuwa yanazeeka. Daktari alishamwambia asihangaike kurudi mwakani.

"Enhe, mwanangu. Inakuwaje?"

"Imeahirishwa, Bibi Merlene. Unyevu umejitokeza."

"Umejitokeza wapi? Nimekufuata nyuma, nimechoma ufunguo pale pale uliposimama. Huu hapa. Mkavu kama koo langu."

"Maji hujificha mbele ya chuma. Utafiti unaendelea."

"Utafiti! Leo ni Alhamisi, baba. Nimeshakula vile viazi vya jibini ambavyo huku kwetu hupikwa misibani mpaka nimechoka, na hapa hajafa mtu! Utaniua wewe na soksi zako, ndipo vile viazi vipate maana!"

Watu walicheka chini ya maturubai. Mkurugenzi hakukasirika. Viongozi wote wakubwa huchekwa kwanza.

Lakini maneno ya ufunguo yalimkera. Ijumaa alihamisha kituo maili nzima kaskazini. Soksi zikatoka mbichi. Akakihamishia kusini, akatembea haraka ili ayawahi maji kabla hayajajipanga. Zikatoka mbichi zaidi. Hapo ndipo ukweli ulipompiga usoni, akasimama katikati ya weupe ule. Maji yalikuwa yanahama! Popote Ofisi ilipokwenda, maji yalikuwa yameshafika.

"Arvella! Tunahujumiwa."

"Na nani, Mheshimiwa?"

"Na maji."

Jumamosi asubuhi alishika kipaza sauti, mwenye furaha kuliko siku zote, maana vita ni vitamu kuliko kusubiri.

"Wananchi! Leo tunaanza Operesheni Kamata Maji! Chanzo kinachozunguka kikipatikana, kitaondolewa uwandani saa hiyo hiyo, bila kujali umri wake, ukubwa wake wala cheo chake! Kitawekwa kwenye chombo kisichovuja, kitapelekwa mjini, na hakitarudi mpaka kipimwe kwa Soksi Rasmi na kuthibitishwa kuwa kikavu! Nasema bila huruma!"

Safari hii makofi yalikuwa ya nguvu. Mfugaji mmoja alitoa hori la bati la kunyweshea ng'ombe, likapandishwa kwenye pikapu ya Bibi Merlene. Msafara ukaingia uwandani kwa miguu, Mkurugenzi mbele, Arvella nyuma yake na jozi ya akiba ya Soksi Rasmi, na pikapu ikiwafuata polepole. Kisigino cha kiatu cha Arvella kilikuwa kimekatika tangu kwenye lami, na kwa kuwa mabuti ya Ofisi yalikuwa jozi moja tu, ya Mkurugenzi, aliomba ruhusa ya kuzivaa soksi hizo.

"Kwa dharura," Mkurugenzi alikubali.

Walitembea. Jua lilipanda. Suti ya Mkurugenzi ilibadilika rangi kuanzia makwapani, lakini alisonga mbele kwa ushujaa, na hatimaye akainua mkono. Alihisi. Maji yalikuwa karibu sana. Alivua mabuti, akasimama, na Arvella akabonyeza.

"Chepechepe, Mheshimiwa."

"Tumeyapata!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Na zako?"

Arvella alijibonyeza mwenyewe. Akajibonyeza tena. "Kavu."

"Haiwezekani. Tupo hatua moja. Njoo usimame hapa, mimi nisimame hapo."

Wakabadilishana. Arvella mkavu, Mkurugenzi chepechepe. Wakabadilishana tena, mbele ya umati mzima, na matokeo yakawa yale yale. Mkurugenzi alianza kuzunguka kwa vihatua vidogo vya kushtukiza, akinyata, kuyachanganya maji. Kila alipokanyaga, palibaki alama ya unyayo, yenye unyevu, na vidole vyote vinaonekana.

"Mwanangu," Bibi Merlene alisema taratibu, "hebu yapindue hayo mabuti."

Mkurugenzi aliliinua buti la kulia akaliinamisha. Ikatoka michirizi, halafu matone mazito, tap, tap, tap, kwenye chumvi kavu. La kushoto lilikuwa na zaidi.

Kwa muda mfupi Mkurugenzi Ockerlund alifurahi kwa dhati. Msimu mzima wa kazi, na chanzo hiki hapa, mkononi mwake! Aliinua uso apokee pongezi. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanamtazama kwa adabu, wametulia, na wanaume wawili wenye mabega mapana walikuwa wamelishika lile hori.

"Bila kujali cheo," Arvella alisema.

"Arvella..."

"Na bila huruma, Mheshimiwa. Watu wote walisikia. Kipaza sauti kilikuwa kizuri sana leo."

Angebisha, lakini alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa yake. Aliingia horini mwenyewe, akakunja magoti, suti na vyote. Alipoketi, Arvella alisimama kwenye Kituo cha Upimaji kwa muda uliowekwa, akabonyeza soksi zake, akazinusa hata, akatangaza kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo: "Chumvi ni kavu! Nendeni!"

Mayowe yaliyopigwa yalifika jimbo jirani la Nevada. Watu walikimbilia magari yao, na Bibi Merlene akampa mtu mwingine ufunguo wa pikapu, maana yeye alikuwa na kazi.

Hori liliteremshwa mjini, kwenye kituo cha petroli, chini ya kibati chenye kivuli. Mkurugenzi aliona kila kitu kutoka huko, yaani aliona vumbi jeupe. Liliinuka upande mmoja wa uwanda, likachora mstari mrefu mpaka upande wa pili, na mngurumo ukafika baadaye, mwembamba, ukamtetemesha kifua. Halafu kimya. Alijikuta ameshika kingo za hori kwa mikono miwili. Kurudi! Lazima arudi! Vumbi likainuka tena, likarudi lilikotoka, na mtu mzima yule, kiongozi, akapiga kelele peke yake ndani ya hori: "Kanyaga, Bibi! Kanyaga!"

Jioni Bibi Merlene alilileta gari lake pale kituoni kuliosha, kwa sababu chumvi ikilala kwenye bati inakula. Uso wake wote ulikuwa mweupe, isipokuwa mviringo wa miwani.

"Mia mbili na nne," alimwambia. "Kwenda na kurudi. Nimemtukana Verl njia nzima, mshenzi yule, kwa nini hakungoja." Akacheka, akajifuta pua kwa mkono wa shati, kisha akambandika Mkurugenzi kiganja cha chumvi begani. "Si mtu mbaya wewe. Umeloa tu."

Mkurugenzi alimpa mkono kumpongeza. Miguu yake ilikuwa imekaa kivulini bila mabuti mchana kutwa, na soksi zilikuwa zimeanza kuwa nyepesi. Arvella alikuwa amefika kupima. Ofisi, kumbe, haikuvunjwa: simu ilikuwa imepigwa jimboni, ikaonekana bado ina kitu kimoja cha kusubiri kikauke, na Arvella ndiye Kaimu Mkurugenzi. Alichuchumaa kando ya hori, akanyoosha kidole, akasita.

"Mheshimiwa, hicho ni nini kwenye shavu?"

"Chozi," alisema Ockerlund. "La furaha, Arvella. Kwa ajili ya Bibi Merlene."

Arvella alifikiri kidogo. Alisimama, akajifuta sketi, akakigeukia kituo cha petroli ambako wanambio walikuwa wamejaa, kila mmoja na bomba lake la maji, na akavuta pumzi.

"Wananchi watukufu! Mkurugenzi ameahirishwa. Kusubiri kunaendelea vizuri sana!"

Na safari hii makofi hayakuisha upesi.