Nyanya Wawili, Baiskeli Moja

Jumatatu, 9 Februari 2004

Naenda Uholanzi! Mimi, Wacuka, mama Muigai, niliyeachia shule darasa la sita, nitapanda ndege! Haya, habari ya leo, daftari. Sasa nikueleze.

Mwanangu Muigai amepiga simu kutoka huko nikipepeta maharagwe. Ati mwezi wa tano yeye na mke wake Nasambu watasafiri kwa baiskeli siku nne, kutoka kwao mpaka baharini, mtoto akiwa kwa kiti chake kidogo mbele. Wanataka nyanya mmoja awatembelee na waende naye hiyo safari. Tikiti ni moja. Ataenda yule anayejua kuendesha. Kabla hajamaliza nikasema mimi! Si nikiwa msichana nilipeleka maziwa kiwandani kwa baiskeli, mikebe miwili, bila kumwaga hata tone?

Uongo. Maziwa nilibeba kwa mgongo.

Lakini huyo mtoto anaitwa Wacuka. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, hiyo haina mjadala. Kwa hivyo mimi niko Uholanzi tayari, nina meno mawili, na sijawahi kujishika. Nani ataninyima?

Mama Nasambu atajaribu. Ndiye mkwe mwenzangu wa Bungoma. Naye amemwambia Muigai ati alikuwa akiendesha kutoka Matulo mpaka Webuye akiwa na mimba ya miezi saba. Huyo mama anaweza kudanganya!

Muigai anasema kila mmoja atume picha akiwa juu ya baiskeli.

Jumatano, 11 Februari

Nimeanza masomo. Mwalimu ni Kemboi, yule wa bodaboda ya baiskeli anayenirudisha nyumbani kutoka soko. Tumekutana uwanjani asubuhi, kabla watu wa kanisa hawajaanza kupita.

Miaka kumi nimekaa nyuma ya Kemboi, miguu upande mmoja, kikapu kwa magoti, hata kwa mashimo sishiki kitu. Nilifikiri kutoka nyuma kwenda mbele ni karibu. Si karibu! Kemboi akasema mama, tazama mbele, usitazame miguu. Nikatazama miguu. Akasema mama, shika breki. Nikashika Kemboi.

Sikati tamaa. Nililea watoto watano. Chuma hakitanishinda.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeendesha peke yangu! Kemboi amepima kwa hatua zake: kumi na mbili. Ya kumi na tatu ilikuwa fensi ya miba ya pasta.

Mzee wangu Zachary amenitoa miba kwa sindano. Alihesabu mpaka mwiba wa tisa. Ndipo akauliza kama Uholanzi pia wako na fensi. Halafu, polepole, ati Mama Muigai, kama unataka kuona mtoto si umwambie kijana unataka kuona mtoto? Mambo ya baiskeli ni ya nini?

Huyu mzee hajui mambo ya wakwe. Nikisema ukweli, Mama Nasambu ndiye mtoto atazoea. Mimi nikienda mwaka mwingine atanilia usoni kama mgeni. Aitwe kwa jina langu na anikimbie? Haiwezekani. Picha nitapata.

Jumatatu, 16 Februari

Picha imepatikana! Bungoma. Hapa kwetu Kitale singeweza, mpiga picha wetu ni mwenzangu wa kwaya, na siri pia huziimba.

Studio iko karibu na msikiti, ya mtu mmoja anaitwa Abdishakur. Ana pazia la kuchorwa: daraja, maji, maua mekundu, ndege juu. Uholanzi kamili! Nikaazima baiskeli ya bodaboda aliyekuwa nje, imeandikwa MUNGU HASAHAU kwa madigadi ya mbele. Tukaisimamisha kwa stendi ya miguu miwili, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Nikapanda. Nikakanyaga kama ng'ombe wako nyuma yangu. Abdishakur akaniambia niiname, ati upepo wa Ulaya ni mkali, akawasha feni, kitambaa changu cha kichwa kikapepea. Bana! Iliposafishwa, hata mimi nikaamini.

Aliomba atundike moja mlangoni, ati inapita za maharusi. Mtu anakataaje hapo?

Jumanne, 17 Februari

Saiba, pale kwa kompyuta za intaneti, wameiskani, imeenda kwa Muigai. Nimeanza kuaga majirani.

Jumapili, 22 Februari

Aibu! Muigai amepiga simu, akashindwa kuongea kwa kicheko, akampa Nasambu. Nasambu akasema mama, pole, mama, akacheka pia. Picha zimefika mbili. Daraja ni lile lile. Maua, MUNGU HASAHAU, kitambaa kupepea upande wa kushoto! Mama Nasambu alipita kwa Abdishakur akitoka sokoni, akaniona mlangoni, akaingia kupigwa kama mimi. Mwizi mkubwa!

Muigai amerudi kwa simu. Ati kwa vile mama wote wawili ni mabingwa, hawawezi kuchagua. Hakuna anayeenda. Watakuja wao, na mtoto, na marafiki wawili, na baiskeli zao. Wataendesha kutoka Kitale mpaka Bungoma kupitia Kamukuywa na Kimilili. Sisi nyanya tutangulie mbele, tuonyeshe njia. Halafu akasema mama, hiyo siku usisahau kuinua stendi.

Nimeazima miwani ya Zachary nikatazama picha. Stendi iko pale, imesimama wazi kama miguu ya mbuzi.

Lakini Wacuka anakuja! Nimelia kidogo, nikafuta kwa apuroni. Zachary akasema basi, mtoto amepatikana, sasa sema ukweli upumzike. Nimefikiria hilo neno mpaka chai ikaisha.

Hapana. Kosa lilikuwa stendi.

Jumanne, 24 Februari

Nimerudi Bungoma kuondoa picha yangu. Abdishakur amekataa, ati sasa watu wanapiga foleni kwa baiskeli ya Ulaya. Nimetundikwa bega kwa bega na Mama Nasambu na kitambaa chake cha manjano.

Haidhuru. Mpango mpya ninao, na huu hakuna mlango utautangaza. Asubuhi ya safari nitateguka mguu. Nani atamwambia kiwete aendeshe? Nitakaa nyuma ya Kemboi, miguu upande mmoja, Wacuka mdogo kwa magoti, na nitatangulia mbele ya wote kama bibi harusi. Mama Nasambu atabaki na pedali zake, Kamukuywa hafiki!

Nimenunua bandeji kwa duka la dawa, mlango wa pili kutoka studio. Muuzaji akauliza kama kina mama wana mechi. Ati asubuhi mama mwingine amenunua kama hii, amevaa kitambaa cha manjano, na alikuwa akitembea vizuri kabisa. Maskini, lazima ana mgonjwa nyumbani. Nikamwachia pole.

Bandeji nimeficha kwa mtungi wa unga. Wanakuja wote, Jumamosi tarehe kumi Aprili.