Kifaa cha Sixten Kipigwe Marufuku Bondeni Kwetu

Ndugu Mhariri,

Kwanza naungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata paka. Ringi za pistoni zinazofyatuka kila jioni gerejini kwetu hazina kasoro. Ni mimi. Baba akigeuka kumimina kahawa, nalegeza klipu kidogo.

Nimemaliza shule mwezi Juni, na nimepata kazi Malmö, mji wa kusini, mwisho kabisa wa nchi. Nitakwenda na gari kuukuu la marehemu babu, injini yake tuliyoifungua yote ikishafungwa tena. Ili pistoni iingie kwenye silinda, lazima ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka, zibanwe kwanza. Baba alikata mkebe wa kahawa, akauzungusha kwenye pistoni na kuukaza kwa klipu ya mpira wa maji. Kisha huigonga pistoni taratibu kwa mpini wa nyundo. Ringi ikifyatuka, tunaanza upya.

Mezani Baba hana maneno. Akikubali jambo huvuta pumzi tu, kama watu wote wa huku kaskazini. Lakini gerejini, mkebe ukishindwa, anazungumza. "Bati hili lina kiburi kama shangazi yako," alisema juzi, kisha akanisimulia jinsi Mama alivyomkataa kwenye dansi ya kiangazi kwa sababu alikwenda na grisi masikioni. Sikuwahi kuisikia habari hiyo maishani.

Sasa malalamiko yangu, dhidi ya jirani yetu Sixten:

1. Anacho kifaa halisi cha kubania ringi, cha dukani, na anataka kutuazima bila kuombwa.

2. Alisimama mlangoni akila maandazi yetu ya mdalasini, akamwambia Baba, "Halvar, utastaafu na pistoni hiyo hiyo mkononi." Baba akavuta pumzi. Yaani alikubali.

3. Kwa kifaa hicho, injini itafungwa kwa siku moja. Nitakuwa Malmö kabla matunda ya beri hayajaiva msituni, na Baba atabaki akiivutia pumzi redio.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liishawishi halmashauri kuvifungia kabatini vifaa vyote vya dukani hadi theluji ianguke. Jirani asimwazime mtu kitu kabla ya kuombwa kwa maandishi. Na hayo yakiwa hayatoshi, mkebe wetu ulindwe kisheria, kama tunavyowalinda tai.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule mama anayeandika habari za mbwa waliopotea.

Msomaji wako mwaminifu,
Tyra

Nyongeza: Nikiwa bado natafuta bahasha, Sixten amekuja na kifaa chake. Baba alikikaza mwenyewe. Mimi nilisimama mbali, mikono mfukoni. Ringi ikafyatuka. Sixten akakigeuzageuza kifaa chake kwa aibu, akaenda nacho nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimekiona kidole gumba cha Baba kikiirudisha nyuma skrubu ya kifaa hicho.

"Vitu vya dukani siku hizi," Baba akasema huku akimimina kahawa, "hovyo kabisa."

Nikavuta pumzi.

Basi futa ombi langu lote. Kifaa cha Sixten hakina ubaya wowote. Ila tafadhali, Baba asijue kwamba nilimwona, wala kwamba mimi nami hulegeza. Iwe siri yetu. Ikilazimu kuichapa barua hii, iweke kwenye ukurasa wa opera. Baba hajawahi kuufungua.