Sindano na Kiboko

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Siku ya kihistoria! Daktari anahama. Anaacha mashua zake mbili za tanga na anataka watu waaminifu wa kuishi ndani na kuzitunza. Moja yangu, moja ya shemeji yangu, mshona matanga. Mimi nachagua kwanza maana nina mke. Yeye ana cherehani tu.

Imekuja wakati wake. Nimestaafu, na Jumamosi nakabidhi ufunguo wa chumba cha nyuma ya kantini ya bandari. Miaka ishirini na sita nimewapikia mabaharia wa mataifa kumi na saba. Bahari naijua kama mwiko wangu. Ila kupanda chombo chenyewe sikuwahi kupata nafasi.

Mama Pacha hakushangilia. Kasema atapanda mara moja tu, aangalie. Akiweza kusimama wima, kupika bila kuungua na kulala pakavu, atakaa nami. La sivyo anakwenda kwa dada yake, safari ya siku mbili kwa basi, nami nibaki na samaki wangu. Miaka thelathini na moja ya ndoa! Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa anakunja mashuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimezikagua kitaalamu. Zote mbili ziko yadini, zimeegemezwa magogo nchi kavu. Moja ndefu, nyembamba, mlingoti unakuna mawingu: nimeiita Sindano. Ya pili pana, tumbo nje, kama mtu aliyeshiba kwa jirani: Kiboko.

Vifaa: glasi ya maji, mto, utepe wa kupimia. Darasa la sita niliacha mwenyewe, lakini sayansi haikuniacha. Glasi mezani, dakika kumi. Sindano: hata tone halikutikisika. Utulivu, kumi kwa kumi! Kiboko: halikutikisika pia, ila kwa uvivu. Saba.
Mwendo: Sindano ukiitazama tu masikio yanavuma. Kumi. Kiboko, mwendo wa jeneza.
Jiko: Kiboko ina jiko la watu wawili, na dirisha. La Sindano ni droo. Lakini mpishi hodari hahitaji nafasi.
Kimo: ndani ya Sindano nimesimama wima kabisa, nikiwa nimeinama kidogo.

Shemeji alikuwa chini anashona, akauliza glasi ya nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akajidunga kidole. Wivu mbaya.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Leo nimemtega shemeji. Nilimwambia nakaribia kuchagua Sindano, ili nimsome uso. Hakusita. Kasema, shemeji, chukua ile nene. Sindano ni ya mashindano. Ikipata upepo inalala ubavu na maji yanaingia, na dada yangu ana kifua. Kiboko haina haraka, lakini mtu anaishi.

Aha! Nani amwelekeze mwenzake kwenye kinono bure? Anaitaka Sindano, huyo. Mbio mpaka kwa Daktari, nikaisaini Sindano. Daktari aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Sisi wajuzi huulizwa mara mbili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Zimeshushwa majini asubuhi. Glasi yangu ilianguka kabla hatujafungua kamba.

Mama Pacha alikuja na viatu alivyovaa kwenye harusi ya binti yetu. Heshima hiyo! Akagonga kichwa mlangoni. Akagonga tena jikoni. Mara ya tatu siihesabu, kilikuwa kichwa changu.

Shemeji alishika usukani, maana mimi nilikuwa natoa maelezo. Upepo ukaja. Sindano ikalala ubavu, ikakimbia. Mwendo ule, lo! Kumi kwa kumi, nilikuwa sahihi. Supu niliyopika ya kumlainisha mke wangu ikaruka kutoka jikoni, ikapita mezani bila kupiga hodi, ikatua kitandani. Wimbi likaja nyuma yake kufua.

Maelezo yangu yaliishia kwenye ndoo. Mama Pacha ndiye aliyeishika, ananipangusa mdomo kwa leso yake. Afadhali angenitukana.

Tuliporudi gatini, kwa sauti ya chini kabisa, kasema basi linaondoka kesho saa tatu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Nimekabidhi ufunguo. Mpishi mpya ameshatundika sufuria zake kwenye misumari yangu. Ukutani pamebaki alama ya kabati letu, nyeupe, kama kaburi lililosimama.

Nikambebea Mama Pacha sanduku mpaka stendi. Zito, na njia fupi mno. Tukamkuta shemeji benchini. Akamwambia dada yake kwamba yeye hulala vizuri tu karakanani juu ya matanga. Kiboko aichukue dada, jiko liko tayari. Mama Pacha akauliza imefungwa wapi. Akajibiwa: hatua kumi kutoka Sindano. Akanitazama, akatazama basi. Akasema basi liende.

Nikashika sanduku, nikasema haya, tuhamie. Akasema polepole, Baba Pacha. Wewe ulichagua, ukasaini, mimi hukuniuliza. Siku utakayotamka kwa kinywa chako kwamba ulikosea, mlango uko wazi. Neno moja tu.

Godoro tunalo moja. Nimelipeleka Kiboko mwenyewe, kifua cha Mama Pacha hakitaki unyevu. Mimi nina mto.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Mvua tangu alfajiri. Sindano inavuja sehemu nne; nina sufuria tatu. Mgongo umepinda kama ndoana.

Dirishani kwa Kiboko namwona Mama Pacha amesimama wima, anakaanga vitunguu. Harufu inavuka gati bila nauli.

Saa saba shemeji kaleta sahani, imefunikwa vizuri. Kasema dada anauliza kama nina lolote la kumwambia. Nikafikiri sana. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia shemeji ampelekee salamu: chumvi imepungua kidogo.

Shemeji akafumba macho, akaondoka na mvua yake.

Lakini mimi si mtu wa kiburi. Nimekula, nimeosha sahani, nimelifungua upya jedwali langu la alama za Jumanne. Pale kwenye utulivu wa Sindano nimefuta kumi, nimeandika tisa. Kesho nampelekea alisome. Mtu hawezi kujishusha zaidi ya hapo.