Jeni Zangu na Siagi ya Bodil

Jumatatu, 4 Novemba

Zimebaki siku saba nichomwe sindano ya kuchukua kinyama cha ini. Daktari Solvejg anataka kusoma tena jeni zangu: zipi zimeamka, zipi zimelala. Mwaka jana alinionya. Ini limejaa mafuta, jeni za makovu zimeanza kuamka, na zikiachwa hivyo huenda safari ikaishia kwenye saratani. Nipunguze siagi na bia, nitembee. Nilikubali kwa moyo wote, nisifanye lolote. Ejgil, mpiga kinanda wa kanisa letu, yumo pamoja nami kwenye utafiti wa daktari huyu na kila siku ananitangazia kilomita zake. Basi, mpango: wiki nzima kabichi na maji. Jeni zitajuaje?

Jumatano, 6 Novemba

Kizunguzungu. Nusura nitumbukie kaburini. Nililichimba mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Ejgil akanidaka mkanda, akasema nitulie bwana, hilo lina mwenyewe. Nikamshukuru shingo upande. Suruali inapwaya. Siku mbili tu za kabichi! Mimi ni hodari.

Jumapili, 10 Novemba

Mkesha wa Mtakatifu Morten, na kwetu usiku huu kila nyumba hula bata. Mke wangu Bodil aliuliza kama aniwekee kabichi yangu. Nikamwambia mila ni mila. Mapaja mawili. Mkate na siagi nene, ile ya kuacha alama za meno ukiuma. Siku hizi ina uchachu kidogo, na bia imekuwa maji. Sikunung'unika. Mwanamke huyu amenivumilia miaka thelathini na minne.

Jumatatu, 11 Novemba

Sindano. Niliogopa kweli. Nilimwaza Bodil akila bata peke yake mwakani. Muuguzi alinishika mkono mpaka mwisho. Mungu ambariki.

Jumanne, 10 Desemba

Majibu. Jeni za makovu karibu zote zimelala tena. Saratani, hakuna dalili. Daktari akauliza nimefanya nini mwaka mzima. Nikajibu kwa unyenyekevu: kabichi. Akasema wiki moja haiwezi kufanya hivyo. Bodil, aliyenisindikiza, akakohoa. Kumbe siagi amekuwa akiichanganya na mtindi mzito. Bia isiyo na kilevi, kwenye chupa za zamani. Kile kitoweo cha ini cha kupaka mkateni, kumbe ni maharage. Na ufunguo wa gari, ulionifanya niende kazini kwa miguu tangu Machi, haukupotea, alikuwa nao mfukoni. Akasema, ningekuambia ungekubali, mume wangu, halafu usingefanya. Nililia mbele ya daktari. Sina cha kumlipa.

Jumatano, 11 Desemba

Nimeamka na shukrani tele. Pia na wazo. Kama jikoni kwa Bodil hakuna baya linaloweza kunipata, ini lina nafasi ya siagi kidogo ya kweli. Nimemwomba Ejgil aniletee mkate na siagi kwa siri, nile kwenye banda la majembe. Amekubali mara moja, hata hakunicheka. Rafiki wa kweli, nilimdhania vibaya. Nimekula vipande vinne, alama za meno safi kabisa. Ajabu, hata siagi ya Ejgil ina uchachu kidogo. Nchi nzima inaharibika.