Nimewaita Wakwe Wala Mkate

Leo nimewatukana wakwe bila kukusudia, tena nikiwa nimevaa tai.

Walikuja hapa kwetu Fittja, Uswidi, kumposa binti yangu Neema. Wao Wakongo wa Alby, mtaa wa jirani, sisi Warundi, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kwa mila yetu baba wa binti hasemi, ana msemaji wake. Na mke wangu alishanionya: "Baba Neema, leo kazi yako ni kunyamaza."

Nikanyamaza. (Kwa muda gani, msiniulize.)

Kahawa ikaja, na mkate wa iliki nilioukanda mwenyewe. Mimi hukanda unga kiwandani Jordbro. Shule niliacha darasa la tatu, lakini nyumbani kwangu hajalala mtu na njaa.

Shangazi wa kijana akamuuliza Neema anasoma nini chuoni.

"Kiingereza cha kale, Mama."

"Ah bon, kweli? Kinasaidia nini, hicho?"

Mwanangu adharauliwe nami nipo? Neema alikuwa amenieleza maneno fulani mezani, yakanikaa moyoni. Nikasimama.

"Mama, sikiliza. Waingereza wana neno lodi, bwana mkubwa. Zamani maana yake ilikuwa mlinzi wa mkate. Na ledi, bibi mkubwa, ni mkandaji wa mkate. Watu wale walimpima mtu kwa mkate."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Msemaji wangu akanivuta koti. Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu. (Sikukaa.)

"Na mtumishi walimwita mla mkate. Yeye anakula tu cha bwana wake."

Nikawatazama wakwe. Wote mashavu yamejaa mkate wangu.

Baba wa kijana akarudisha kipande chake kwenye sahani, polepole, kama mtu anayelaza yai. Neema akafunika uso. "Pappa, snälla," akanisihi kwa Kiswidi. Mke wangu hakuniangalia kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliona posa ya mwanangu inatoka mlangoni, na mimi ndiye niliyeifungulia.

Nikasema lililobaki, yaani ukweli. "Nimekula mkate wa watu kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi. Mla mkate ni mimi. Sikuwa na nia ya..."

Shangazi akamaliza kutafuna. Akameza.

"Na huu, nani kaukanda?"

"Mimi."

"Kumbe ledi wa nyumba hii ni wewe, Papa." Akanyoosha sahani. "Basi nipe kingine, mimi mtumishi wako. Na usinikatie chembamba."

Hata mke wangu alicheka. Baba wa kijana akakiokota kipande chake, akala.

Posa imekubaliwa. Mikate ya arusi nimepewa mimi. Hotuba ya baba wa bibi arusi wamempa mdogo wangu.