Laptop ya Nekesa na Neno la Kakuma

Leo nimeaibika. Tena si ile aibu ya kujikwaa ukageuka haraka kuangalia kama kuna aliyeona. Nimeaibika Kakuma, sokoni, mchana kweupe, mbele ya watu wa mataifa manne. Nawaandikia mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Mama Nekesa, nauza nyanya na vitunguu hapa soko la Lodwar. Mimi ni mtu mpole. (Nekesa akisoma hapa atakohoa. Akohoe tu.) Kitu kimoja tu ndicho najivunia: kushusha bei. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza tangu nizaliwe. Hata mkunga aliyenipokea, nadhani mama yangu alimshusha.

Sasa huyu Nekesa, binti yangu, yuko Gredi ya Nane na anapenda gemu. Zile za magari kukimbizana. Anazichezea saiba, kwenye kompyuta za kulipia, na saiba inafungwa giza limeshaingia, nami roho yangu inasimama mlangoni mpaka arudi. Tukakubaliana: akipanda kwenye hesabu, namnunulia laptop ya gemu, acheze nyumbani nikimwona. Jameni, mtoto akapanda! Hesabu ile ile iliyokuwa ikimliza. Hapo nikakosa pa kupitia. Ahadi ni deni, na mwenye kudai analala chumba cha pili.

Laptop mpya ya gemu siiwezi hata nikiuza nyanya pamoja na meza. Lakini kila mtu hapa anajua, ukitaka ya mtumba yenye nguvu kwa bei ya binadamu, unapanda Kakuma, soko la kambi ya wakimbizi. Leo asubuhi tukapanda. Njia nzima Nekesa ananikaririsha kama mtoto wa katekisimu.

"Mama, RAM?"

"Kumi na sita."

"Diski?"

"Mbili. Moja ya kazi, moja ya gemu."

"Betri?"

"Inayokaa."

"Mama, RAM ni nini?"

"Nekesa, mimi naenda kununua. Siendi kufundisha."

Kakuma tukafikia kwa Mama Ekai, aliyekuwa jirani yangu Lodwar kabla mumewe hajahamishiwa huko kikazi. Tukasalimiana Kiturkana, ejok, ejok-noi, chai ikaletwa. Nilipomaliza kikombe nikamwambia Nekesa abaki hapo. Akanuna. Nikamweleza: ukienda dukani na mtoto mwenye macho ya kutamani, muuzaji anasoma bei kwenye hayo macho. Huo ni ujuzi, nimeupata kwa miaka. (Huo ujuzi ndio ulionimaliza. Angekuwepo, angeniokoa.)

Nikaenda peke yangu hadi kwa Papa Furaha. Ni Mkongo, anatengeneza na kuuza laptop kwenye duka la mabati, mtu wa sauti ya chini, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Akanitolea moja nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, vitufe vinawaka taa nyekundu. RAM kumi na sita. Diski mbili. Betri nzuri. Kila kitu mtoto alichosema! Moyo ukaruka. Uso nikaukunja.

"Hii si imezeeka?" nikasema.

Akataja bei. Nikacheka kile kicheko chetu cha sokoni, cha kumfanya mtu ajione amekosea kuzaliwa. Nikataja yangu.

Papa Furaha akashika kichwa. "Eeh, mama! Kwa hiyo bei?" Akaiangalia laptop, akaniangalia mimi. "Basi, RAM nitoshe?"

Mimi nilisikia anauliza kama RAM inatosha. Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo mnakijua, kinakuja kimepinda kidogo, nawe unakinyoosha mwenyewe kichwani. Nikakinyoosha. Kumi na sita si ndiyo aliyotaka Nekesa?

"Tosha!" nikasema.

Akashusha bei.

Nilishangaa kidogo. Lakini hapa Turkana nani huiuliza mvua kwa nini inanyesha? Nikasukuma tena. Papa Furaha akavuta pumzi.

"Na diski ya pili, nitoshe?"

"Tosha kabisa!"

Akashusha tena! Miaka yote sokoni sijawahi kuona mtu anapunguza bei kwa sababu umeisifu mali yake. Nikaona leo nimeamkia upande mzuri. Nikasukuma mara ya mwisho. Sasa akaniangalia kwa huruma. (Mimi nilidhani ni heshima.)

"Mama... hata betri, nitoshe?"

"Papa, si nimeshasema? Tosha! Vyote tosha!"

"Byote hapana," akasema haraka. "Itakufa."

Nikajua nimemfikisha ukutani. Nikamwacha hapo. Sina roho mbaya.

Akachukua bisibisi akaanza kuifungua. Vumbi la Kakuma nalijua, nikajua anaipangusa. Nikatoka nje kidogo, hadi kibanda cha jirani yake, Mama Aline, naye Mkongo, muuza vitenge. Na kwa ile pesa niliyookoa nikanunua kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu. (Nilistahili.) Sikungoja hata kikunjwe. Nikajifunga hapo hapo juu ya gauni, nikarudi kwa Papa Furaha, nikakuta laptop iko kwa waya, taa nyekundu zinawaka. Nikalipa. Nikaondoka natembea polepole, ili kitenge kionekane vizuri.

Kwa Mama Ekai, Nekesa aliruka hadi kikombe kikaanguka. Akaichomeka, ikawaka, akapiga kelele ya furaha. Halafu akainamia skrini. Akabonyeza hapa na pale.

"Mama, RAM ni nane."

"Nane mara mbili?"

"Nane mara moja. Na diski ya pili haiko."

Akachomoa waya ili aigeuze aone chini. Laptop ikazima pu! Akafungua kifuniko. Mahali pa betri palikuwa wazi, mjusi angeweza kuhamia na familia yake.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alirudisha kifuniko taratibu akaniambia, "Si kitu, Mama. Nitaichezea kwa waya. Itakuwa inakwama tu, lakini nitazoea."

Iliniuma, wapendwa. Mtoto ametimiza upande wake, mimi nimemletea sanduku lenye taa, halafu yeye ndiye ananibembeleza. Hapo ndipo upole wangu ulipoishia. Nikaibeba ile laptop, nikamshika Nekesa mkono, nikarudi sokoni bado nimejifunga kitenge changu kipya.

Nikasimama mlangoni kwa Papa Furaha na kusema neno ambalo sokoni halisemwi ovyo.

"Mwizi!"

Watu wakaja. Wasomali wa duka la mkabala, vijana wa Sudan Kusini waliokuwa wakicheza karata, Waturkana waliokuja kuuza makaa, watu wa boda, wote. Papa Furaha akasimama na bisibisi mkononi. Hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka.

"Mimi si mwizi, mama. Nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Nilisema, RAM nitoshe? Ukasema tosha."

"Ndiyo! Nilisema tosha!"

"Basi nikatosha."

"Haikutosha!"

"Ilitoka, mama. Mimi mwenyewe niliitosha, moja nikakuachia."

"Kama ingetosha, mimi ningerudi hapa kufanya nini?"

Watu wanageuza shingo kwake, wanageuza kwangu. Mama Aline akatoka kibandani mwake, akatusikiliza kidogo, akaanza kucheka akajishika kwenye nguzo. Halafu akainama, akavua kandambili yake akaiinua juu watu wote waione.

"Mama, angalia. Natosha kiatu." Akaivaa. "Navaa." Akaivua tena. "Natosha. Umeona?"

Kisha Nekesa akanivuta mkono, akaninong'oneza kwa sauti ambayo soko zima lilisikia: "Mama, kwao kutosha ni kutoa. Ulimwambia atoe."

Ningetamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Kicheko kilianza kwa Wakongo, kikatafsiriwa kwa Kisomali, kikapitia Kiarabu cha Juba, kikawafikia Waturkana mwisho, na hao ndio waliokaa chini kabisa kwa kucheka.

Papa Furaha aliingia ndani akarudi na mfuko mdogo wa nailoni. "Bintu byako biko hapa, mama, sijauza. Wewe ukishusha bei, kitu kinatoka. Ndiyo biashara. Lakini ulipotaka hata betri itoke, nikajisemea, huyu mama pengine anatafuta sanduku tu."

Niliwahi kuona mtu akiitwa mwizi sokoni kwa makosa, na haikuisha kwa kicheko. Kwa hiyo nilimwomba msamaha kwa sauti ile ile niliyomwitia mwizi, ili kila aliyesikia la kwanza asikie na la pili. "Papa, nisamehe. Wewe si mwizi. Masikio yangu ndiyo yenye shida." Akanipa mkono. Alinishika kwa upole, yule mzee.

Sasa likabaki jambo lenyewe. Yeye arudishe vitu, nami nirudi kwenye bei ya kwanza. Nikafungua mdomo. (Mazoea!) Nikamwona Nekesa anauangalia ule mfuko wa nailoni, hapumui. Nikaufunga mdomo. Mimi, Mama Nekesa, nikasema, "Sawa."

Ila pesa ya kujazia haikuwa mfukoni. Ilikuwa kiunoni, ya manjano, na ndege wa bluu.

Nikamtazama Mama Aline. Mama Aline akafuta machozi ya kucheka, akanitazama kwa wema kabisa, akanyoosha mkono.

"Basi mama," akasema, "tosha kitenge."

Safari hii nilielewa Kiswahili. Nikakitosha, mbele ya umati wote, fundo kwanza, halafu mzunguko mmoja mmoja. (Nilikuwa na gauni ndani, msiende mbali.) Watu wa boda wakapiga makofi. Mmoja akapiga na honi. Mama Aline akakikung'uta, akakikagua pembe zote, akanirudishia pesa yangu yote bila kukata hata shilingi, na sijui mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo.

Papa Furaha akaifungua laptop tena. Nekesa alimshikia skrubu kwenye kiganja, macho yake yote ya kutamani nje, bei imeshafika mwisho, hakuna tena cha kuficha. Betri ikaingia, diski ikaingia, RAM ikaingia. Wakawasha gemu ya magari, na wale wale walionicheka wakajaa nyuma ya mtoto wakimwelekeza kona. Alishinda. Aligeuka kunitafuta kwenye umati kuhakikisha nimeona. Nimeona, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimeaibika, kwa muda wa kama kona mbili hivi.

Saa hii tuko nyumbani Lodwar, mlango umefungwa, mtoto yuko mbele yangu anagonga ukuta na gari lake. Roho yangu nayo imekaa kitini.

Haya, chekeni. Lakini kesho sokoni, atakayekuja kunishushia bei, kila akishusha mimi natosha nyanya moja kwenye fungu.