Mgonjwa Wangu Amelala Vizuri

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekimbiwa na mgonjwa. Sisi madaktari wanafunzi wa kliniki ya kukoma hedhi, kila mmoja alipewa mama mmoja. Unampigia simu kila asubuhi kwa wiki mbili, unaandika daftarini: joto la ghafla mara ngapi, usingizi vipi, moyo vipi. Wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilimpigia siku moja tu, nikamkatiza mara tatu nikimweleza anavyojisikia. Leo nasikia ameomba ahamishiwe kwa Kalamu Nne, mwenzangu anayeandika hata kikohozi cha mhadhiri.

Ijumaa Daktari Mkuu anakagua madaftari, mgonjwa akiwepo. Asiye na daftari anarudia zamu ya kliniki hii miezi mitatu. Nafasi yangu ya kusomea upasuaji itakwenda na maji!

Mama kaacha madirisha wazi tena. Na baridi yote hii. Nimeyafunga.

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo! Mama ana miaka hamsini na mmoja. Mgonjwa ninaye nyumbani, nahangaika nini? Nimemwomba aje kliniki Ijumaa, akae kitini, akubali kila atakachoulizwa. Akauliza ni habari ya nini. Nikamwambia ni makaratasi tu ya kazi, aweke sahihi hapa. Akaweka. Kisha akasema hata yeye ana jambo angependa kuniuliza, mimi nikiwa daktari. Nikamwambia baadaye, mama, niko mbioni.

Kero nyingine: siku hizi shuka zake zinajaa kambani kila asubuhi. Koti langu jeupe halina pa kuanikwa. Usafi gani huu?

Jumatano, 8 Oktoba

Siku kumi na nne nimezimaliza kwa saa moja, kuanzia 29 Septemba. Joto la ghafla mara mbili, mara tatu, mara mbili. Yote kutoka kitabuni. Nimetumia kalamu tatu ili ionekane siku tofauti. Tone la chai ukurasa wa pili, makusudi. Maskini Kalamu Nne, wiki mbili kwenye simu! Akili ni mali.

Lakini mama akisahau la kusema? Anasahau sana siku hizi. Jana mchuzi kautia chumvi mara mbili. Nilipomwambia, akasema nijipikie mwenyewe, kisha akalia. Mtu mzima, kwa chumvi! Na cherehani imelala, wateja wawili wamekuja kuulizia magauni yao.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemfundisha mama jibu moja: ni kama alivyoandika daktari. Amelirudia mara sita huku akijipepea na daftari lenyewe. Nimelichukua, asije akalikunja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Daktari Mkuu alisifu mwandiko. Nikashusha pumzi. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikasema kumi. Akasoma kwa sauti: Jumamosi tarehe kumi na moja, mgonjwa amelala vizuri. Jumapili tarehe kumi na mbili, mgonjwa amelala vizuri, anashukuru.

Kalamu Nne akaacha kuandika. Sijapata kuona hilo.

Daktari akamgeukia mama, akamuuliza usingizi wake ukoje. Nikamkonyeza. Mama akasema ni kama alivyoandika daktari. Yule bibi daktari akasogeza kiti karibu, akangoja tu. Mimi ningekuwa nimeshasema maneno mia.

Ndipo mama akasema. Tangu mwaka jana anaamka amelowa chapachapa, anabadili shuka mara mbili. Mikono inatoa jasho, anaogopa kuharibu vitambaa vya watu. Amesahau vipimo vya wateja aliowashonea miaka kumi, akadhani wazimu unamwanza. Alitaka kumuuliza mwanawe, huyu hapa, lakini mwanawe ana shughuli nyingi.

Wote wakaniangalia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Hukumu: mama amepewa dawa na siku ya kurudi. Mimi nimepewa daftari jipya, siku kumi na nne, kuanzia Jumatatu, mgonjwa yuleyule. Nikae naye kila asubuhi, nimsikilize. Nikiharibu tena, zamu narudia na upasuaji nausahau. Njiani mama alinishika mkono, akasema hana kinyongo. Nilitamani anigombeze.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mimi ni mtu mwingine kabisa. Nimetafakari siku mbili nzima na kosa langu nimeliona: tarehe. Safari hii sivuki siku ya leo hata kwa mstari mmoja. Nimeamka mapema, kalamu moja tu, bila chai. Tarehe 13, mgonjwa amelala vizuri.

Mama amebisha mlango mara mbili. Anasema ana la kunieleza kuhusu usiku wa jana. Nimemwambia asubiri kidogo, nina kazi, najaza daftari lake.